Picha ya Tatu

Zilikuja kumi na mbili, zimefungwa kwa kanga kuukuu,
juu ya punda wa nyumba ya Shela,
na karatasi ya vipimo, sentimita kwa sentimita:
mbao ya mvule, kioo kisichomeremeta, kabla ya Ijumaa.

Miaka thelathini natia fremu hapa Langoni:
vyeti vya madrasa, maharusi, marehemu,
Al-Kaaba za mahameli nyeusi.
Sijawahi kumweka nyuma ya kioo mwanamke
aliyebeba merikebu juu ya nywele.

Naam, merikebu, na matanga yake, na bendera,
na nywele zenyewe zimenyunyizwa unga kama kibao cha chapati.
Sketi imetanuka huku na huku
kwa mbavu za nyangumi. Ndivyo alivyosema Madamu Solenne,
mwenye picha.
Nikamtembeza yule bibi, moyoni mwangu, kutoka Mkomani:
angepita ubavu-ubavu kama kaa,
angekwama penye kona ya birika la msikiti,
na nyuma yake punda wa mchanga,
na mwenye punda, "Simile! Simile!"

Wanaume nao! Soksi za hariri mpaka gotini,
visigino virefu, vyekundu.
Wekundu ule, kasema Madamu, hakuuvaa kila mtu,
mpaka mfalme aridhie.
Nikacheka. Haya nayajua.
Hapa petu pia walikuwapo waliopanda mitawanda
ili sakafu isiwaguse,
na waliokwenda pekupeku kwa sababu waliambiwa.
Nguo haikuwa nguo.
Ilikuwa ukuta wenye miguu.

Picha ya tatu ndiyo iliyonikalisha kitako.
Bibi wa vazi la zambarau, kipepeo mkononi,
mkia wa gauni nyuma yake kama dhiraa saba,
na pale mkia unapokoma, ukingoni mwa karatasi,
mtoto. Mweusi. Kilemba chenye unyoya,
pete ya fedha shingoni,
mikono miwili imeinua hariri isiguse vumbi.

"Chini pameandikwa nini?"
"Bibi wa kasri, matembezi ya asubuhi."
"Na mtoto?"
Akavaa miwani, akainama, akatafuta kwa haki.
"Hakutajwa. Halafu upande huo umeingia unyevu,
unaona? Mfunike na kadibodi, Fundi Faraji.
Picha itakaa vizuri zaidi."

Mama yake bibi yangu aliitwa Zafarani.
Ndivyo walivyoitwa walionunuliwa:
kiungo, manukato, siku ya juma.
Alishika mti wa shiraa,
hema la kitambaa linalokwenda kuzuru,
na ndani yake mwana wa watu, yua lisimwone.
Zafarani alikuwa nje. Yua lilimwona.
Bibi alinihadithia akipepeta mchele,
wala hakuinua mato:
"Mkono wake wa kuume ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto.
Hata kwenye sanda ulionekana."

Nikapima. Nikapima tena.
Kisu nilikinoa, na kadibodi ilikuwa tayari,
nyeupe, safi, haina kosa lolote.
Nikakata nje ya alama yake, vidole vitatu zaidi.
Unyevu ukabaki, doa la rangi ya chai
begani mwa mtoto kama mtu aliyemshika.

Alhamisi akaja, akazitazama zikiwa zimeegemea ukuta,
kumi na moja sawasawa
na moja imevimba upande mmoja.
"Hii imekwenda kombo."
"Mbao ilikataa," nikamwambia.
Mbao haijapata kunikatalia; Mungu anisamehe.

Akanikata shilingi mia mbili.
Nikazihesabu zilizobaki, nikazitia kikoini.
Mia mbili kwa kichwa.
Nimesikia bei za zamani, bibi alizijua kwa riale.
Hii ni rahisi.